Kimea cha Mwisho cha Mkono Wako

Mama,

Shikamoo. Na kabla hujaitikia, nisikilize kwanza, maana nina hasira, na nimekuwa nazo tangu siku tuliyokuzika. Najua ungesema, "Nyangeta, kaa chini unywe maji." Nimekaa. Nimekunywa. Hazijashuka.

Nianze na ule wasifu. Jeneza lako limewekwa uani kwako Mkolani, turubai limefungwa, watu wamejaa mpaka kwa jirani. Kaka Elias anasimama na karatasi yake, suti nyeusi, miwani puani, anasoma kwa sauti ile yake ya mzee wa kanisa: alizaliwa Ukerewe, akaolewa, akajaliwa watoto, kazi yake alikuwa mfanyabiashara wa nafaka. Mama! Nafaka! Nikadhani nimesikia vibaya. Nikawaangalia wazee waliokaa viti vya mbele. Wote nawajua, wote nimeshawachotea kikombe kwa mkono wangu huu, na wote wanatikisa vichwa kwa huzuni, eti tumempoteza mfanyabiashara wa nafaka. Hata aliyeshika kipaza sauti alikuwa mteja wako wa kila Jumamosi. Nilitaka kusimama pale pale niwaumbue, jirani akanikamata khanga akanikalisha.

Mtu akishuka kituoni akiuliza kwa Mama Elias, anaulizwa, yule wa pombe? Hakuna Mama Elias mwingine. Ulipika pombe kwenye ua huu tangu kabla sijazaliwa, moshi ukakutoa machozi mpaka macho yakabaki mekundu hata siku za sikukuu. Pombe ndiyo iliyotulisha, ndiyo iliyotuvalisha, ndiyo iliyompeleka Elias shule mpaka akajua kuandika neno "wasifu". Halafu anaifuta kwa mstari mmoja! Siku ile hata kulia nilishindwa kulia vizuri, Mama, kwa sababu kila nikianza kulia nasikia neno nafaka.

Ikaja habari ya arobaini yako. Elias akaitisha kikao sebuleni, akatangaza kwamba vinywaji vitakuwa soda na maji. Nikauliza, na pombe? Akanijibu bila kunitazama kwamba wageni wengi watatoka kanisani. Kesho yake nikakuta lile pipa lako la kupikia limesukumwa nyuma ya choo na kufunikwa turubai, kama kitu cha wizi. Nikaliburuta mwenyewe mpaka mahali pake. Kesho yake limerudi chooni. Nikalirudisha jikoni. Tulikwenda hivyo siku nne, pipa linatembea uani, na hakuna aliyemwambia mwenzake neno.

Nikampigia simu Mjomba Mafuru kule Nansio. Unamjua kaka yako. Akanguruma, "Mwambie Elias mimi sivuki ziwa kwenda kunywa soda kwenye arobaini ya dada yangu." Halafu akatulia, akaniuliza jambo nililokuwa nimelisahau kabisa: je, wewe uliacha kimea? Akanikumbusha kwamba kwenu pombe ya arobaini hupikwa kwa nafaka aliyoishika marehemu mwenyewe. Ikiwepo, watu wanainywa wanamuaga. Isipokuwepo, wanakunywa maji na kurudi makwao, na anabaki hajaagwa. Nikaenda chumbani kwako, nikapiga magoti, nikachungulia uvunguni. Ile ndoo nyeupe ilikuwepo. Nikafungua mfuniko, harufu ya ulezi uliokaushwa ikanipiga usoni, na hapo ndipo nikalia sasa, kilio chenyewe, peke yangu, kichwa kikiwa uvunguni mwa kitanda.

Ulikuwa umeuotesha, umeuanika, umeusugua mizizi, umeusaga. Kila kitu tayari. Ila kilikuwa nusu ndoo tu, Mama, na arobaini yako ni ya watu wa mtaa mzima pamoja na Ukerewe yote. Nikasema nitaotesha mwingine. Nikanunua ulezi, nikauloweka, nikaufunika kwa mfuko wa salfeti kwa sababu sikupata gunia. Siku ya tatu ukawa na ndevu za kijani na harufu ya soksi. Wewe ulikuwa unafunika kwa gunia na majani ya mgomba, nimekuona mara mia, na bado nikafunika kwa plastiki. Nikajitukana mwenyewe kwa Kikerewe, kwa sababu Kiswahili hakikutosha.

Sasa, pale bekari Igoma ninakooka mikate, bosi wetu huagiza makopo ya kimea kutoka ng'ambo kwa ajili ya mkate wa kahawia. Ni rojo nyeusi, nzito kuliko asali, imekamuliwa kwenye shayiri na kuchemshwa mpaka maji yote yakaisha. Ukiilamba ina utamu wa togwa iliyokaa sana motoni. Bosi aliponiona nimenuna wiki nzima akanipa kopo moja kubwa. Chini ya mfuniko lilikuwa na karatasi ya maelekezo: mkate, keki, na mwisho kabisa, namna ya kupika bia nyumbani. Ilisema kama nafaka haitoshi, pika nusu kwa nafaka na nusu kwa kopo. Nikacheka peke yangu mbele ya tanuri. Kumbe hata huko kwao watu huishiwa kimea!

Najua unavyokunja uso. Pombe ya kopo! Nakusikia kabisa. Lakini wewe uliniachia nusu ndoo, kwa hiyo tafadhali usinikunjie uso.

Nikachukua nusu ya kile kimea chako, nikaacha nusu nyingine kwenye ndoo. Nashukuru Mungu kwa hilo tu. Karatasi ilisema nafaka iloweshwe kwenye maji ya moto ya digrii sitini na tano kwa saa nzima, basi. Nikaazima kipimajoto cha bekari. Nikachanganya unga wa mtama na kimea chako, nikamimina maji, nikapima, sitini na tano kamili, nikafunika kwa blanketi kama mgonjwa wa malaria. Saa nzima nimekaa najisifu. Nilipofunua, Mama, nilikuta maji ya chokaa. Unga umelala chini, maji yako juu, utamu hakuna. Nikatia rojo ya kopo, nikatia hamira, nikasema labda itajirekebisha yenyewe. Haikujirekebisha. Siku ya pili ilikuwa siki yenye matope. Nikaimwaga nyuma ya choo, pale pale Elias alipotaka pipa likae, na kile kimea cha mkono wako kikaenda nayo. Nilikaa juu ya jiwe na hasira zangu. Karatasi ile iliandikwa kwa ajili ya shayiri yao. Mtama wetu haulainiki kwa kulowekwa, ni mpaka upikwe, na hilo nilikuwa nalijua tangu nina meno ya utoto! Kwanza uji, ndipo kimea. Ulikuwa unasema hivyo kila siku ya kupika. Nikaenda kuamini karatasi ya kwenye kopo.

Ikabaki robo ndoo. Kingine hakuna tena duniani.

Jumamosi, siku tano kabla ya arobaini, nikapika uji wa mtama kwenye pipa lako. Ukaiva, ukatokota, nikautoa motoni, nikaukoroga upoe. Na hapo ndipo nilipokwama. Kimea ukikitia uji ukiwa wa moto mno, kinaungua, hakifanyi kazi. Ukikitia umepoa, kinalala. Kipimajoto nilikuwa nacho lakini sikukiamini tena, maana sikujua mtama wako unataka namba ngapi. Wewe hukuwa na namba. Ulikuwa unatia kidole cha shahada ndani ya uji, midomo inacheza, sauti haitoki, halafu unasema, "Haya, leta." Nikiuliza unasema nini, unanijibu, "Nahesabu." Miaka arobaini nimesimama kando ya pipa lile, Mama. Unahesabu mpaka ngapi? Hukuwahi kuniambia.

Nikampigia tena Mjomba, uji unafuka mbele yangu. Akashangaa. Akasema, "Kuhesabu? Dada yangu hakuwa anahesabu. Alikuwa anawataja wanawe, mmoja mmoja, kuanzia mkubwa. Ukifika kwa wa mwisho kidole hakijakataa, unatia kimea." Nikamwambia, Mjomba, wanawe si Elias na mimi? Hapo si unamaliza hata kabla hujahisi joto? Akakohoa. Kisha akasema yeye miaka ile alikuwa kwenye makambi ya wavuvi visiwani, hayajui majina yote. "Muulize kaka yako. Yeye ndiye aliyekuwa anamshikia mwiko."

Elias! Kushika mwiko!

Nilijua kuna wenzetu walitangulia. Ulisema hivyo mara moja, kwa kifupi, ukageuka kupepeta. Ila majina yao sikuwa nayo. Nikampigia Elias, nikamwambia njoo sasa hivi, na usiniulize kitu. Akaja akiwa bado na nguo za kikao cha kanisa, akasimama mbali na pipa, akasema yeye pombe haigusi. Nikamwambia sitaki uiguse. Nataka unitajie watoto wa mama yangu.

Mama, ungemwona. Miwani akaivua. Akauliza nani ameniambia. Akasema hajayataja tangu ameondoka nyumbani kwenda shule ya bweni. Nikamwambia uji unapoa. Akasogea. Nikatia kidole, na kidole changu ni cha tanuri, kimezoea, hata hivyo kiliwaka. Akaanza, taratibu, namna ile ulivyokuwa ukichezesha midomo: Elias. Tabitha. Masatu. Kulwa. Nikakitoa. Moto mno.

Tukasubiri, nakoroga. Nikaona bora nimseme sasa hivi akiwa hana pa kukimbilia. Nikamwaga yote, wasifu, soda, pipa chooni, kwamba amekuonea aibu ukiwa kwenye jeneza. Akasikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Unadhani lile neno nililitunga mimi?" Akanisimulia siku alipojaza fomu ya sekondari, hapo hapo uani, goti likiwa ndiyo meza. Palipoulizwa kazi ya mzazi akaandika, anapika pombe. Ukamwambia asome alichokiandika. Akasoma. Ukamwambia, "Futa. Andika mfanyabiashara wa nafaka, wasije wakakucheka." Akafuta kwa nguvu mpaka karatasi ikatoboka. Kwenye wasifu aliandika alivyofundishwa na mama yake, basi.

Kumbe ni wewe!

Unajua hasira zilivyokosa pa kukaa? Wiki tano nimemchukia mtu kwa neno lako. Nilitaka kukugombeza pale pale, na hupo. Kilichoniuma zaidi ni kwamba hata mimi, siku naandikishwa bekari, nilipoulizwa wazazi wanafanya nini, nilijibu mama ni mkulima. Hukunifundisha hilo, nilijifunza mwenyewe. Sikumwambia Elias, nakuambia wewe. Lakini wewe nawe, Mama! Ulikuwa unatuficha wewe, au ulikuwa unajificha? Ungeacha limeandikwa vile vile. Wangetucheka, halafu wangeacha, maana jioni wangekuja kunywa.

Nikatia kidole mara ya pili. Elias. Tabitha. Masatu. Kulwa. Doto. Kikakataa tena. Kufikia hapo sauti ya kaka ilikuwa imeanza kukatika. Akanieleza kwamba Tabitha alikuwa ameanza kutembea. Masatu aliishi siku nane. Kulwa na Doto waliondoka wiki moja, surua, na wewe ukapika pombe ya msiba wao mwenyewe kwa sababu hakukuwa na mwingine wa kuipika, yeye ndiye akashika mwiko, na siku ile ulipotia kidole ulikiacha ndani ya uji mpaka ngozi ikavimba. Yote hayo, na mimi nikaambiwa nahesabu! Nilikula, nilikua, nilicheka kwenye ua ule, na nyuma yangu kuna watu wanne ambao sikuwahi hata kuambiwa wanaitwaje. Usiniambie ulikuwa unanihurumia. Ningependa kuwajua.

Mara ya tatu hatukusema kitu kingine. Elias. Tabitha. Masatu. Kulwa. Doto. Nyangeta. Kidole kimetulia.

Tukamwaga kimea chako, chote, tukapangusa ndoo kwa kiganja. Akashika mwiko. Mzee wa kanisa, mikono ya shati imekunjwa, anakoroga kwa kuzungusha kutoka chini kwenda juu kama wewe kabisa, hajasahau. Na uji ule mzito ukaanza kulegea mbele ya macho yetu, ukawa mwepesi kama maji ya mchele, nikalamba mwiko. Mtamu, Mama. Mtamu sana. Tukachuja machicha, nikatia rojo ya kopo, tukachemsha tena, ikapoa, nikatia hamira ya bekari na kufunika. Elias akanawa mikono kwa sabuni mara mbili, akavaa miwani yake, akaondoka bila kuaga.

Arobaini ilijaa. Mjomba alikuja na kivuko cha asubuhi, amevaa koti la marehemu baba. Soda zilikuwepo, maji yalikuwepo, na pipa lilikuwepo jikoni mahali pake, halikutembea. Rangi ilikuwa ya kahawia, si ile nyeupe yako, na povu lilikaa juu muda mrefu kuliko tulivyozoea. Wazee wakachungulia kwa mashaka, mmoja akauliza kama nimetia kahawa. Nikampa Mjomba kikombe cha kwanza. Akanywa, akafumba macho. Akasema, "Nusu yake ni dada yangu." Nikauliza, na nusu nyingine? Akasema hiyo haijui, lakini ina adabu. Akaomba kingine.

Mimi nilikuwa nimeandaa hotuba. Nilikuwa nimeiandika kabisa, kurasa mbili, maneno makali. Ningewaumbua wote, kuanzia viti vya mbele. Elias akanitangulia. Akasimama na karatasi ile ile ya wasifu, akasoma tena, alizaliwa, akaolewa, akajaliwa watoto sita, na akawataja wote sita kwa majina, mimi wa mwisho. Halafu: kazi yake alikuwa mfanyabiashara wa nafaka. Damu ikanipanda. Nikashika hotuba yangu nisimame. Naye akainama, akachukua kikombe mezani, akakiinua juu kanisa zima likiona, akasema, "Na nafaka yenyewe, ndugu zangu, ni hii hapa." Akanywa funda moja.

Vigelegele, Mama! Ua mzima! Wazee wa viti vya mbele wakapiga makofi mpaka kofia zikaanguka, na yule wa kipaza sauti akasema hadharani kwamba ulimlea. Na wakampongeza nani? Elias! Eti jasiri! Wakamkumbatia! Mimi niliyeburuta pipa siku nne, mimi niliyelia uvunguni, nimekaa na kurasa zangu mbili mapajani hakuna hata anayeniuliza. Hilo nalo bado sijalimeza. Ila nilikuwa nacheka, nakiri, nacheka na machozi yanatoka.

Pombe iliisha kabla ya saa kumi. Watu walikuaga vizuri, umeagwa, tulia.

Sasa ndoo yako nyeupe haikai tena uvunguni. Nimeotesha ulezi mpya, safari hii kwa gunia na majani ya mgomba, umetoa mizizi myeupe, hakuna hata uzi wa ukungu. Utakapokauka nitapika Jumamosi, na kopo moja nitalitia, ndiyo, watu wameanza kuiulizia, na ukitaka kunikunjia uso kunja. Msalabani kwako Elias ameandikisha jina lako, na chini yake, "mpishi wa pombe". Fundi aliuliza mara mbili kama ana uhakika.

Nakuahidi kimea hakitakatika kwenye nyumba hii. Na binti yangu akiniuliza midomo inasema nini, sitamwambia nahesabu, nitamtajia wote, mmoja mmoja. Nilitaka kuongeza jina lako mwishoni, baada ya langu, nikajaribu kwenye uji wa asubuhi, ukapoa. Basi nimelihamisha. Nakutaja wewe kwanza, kidole kikiwa bado hewani.

Sasa unaweza kuitikia.

Mwanao,
Nyangeta